Usitupe hiyo TV gemu, na tafadhali usipulize kaseti

Toleo lililopita niliwauliza nani bado ako na gemu za kitambo nyumbani, za kaseti ama PlayStation (PS) za kwanza kwanza, na barua zimekuja mpaka nikakosa pa kuanzia. Nimechagua sita. Zingine nitajibu mwezi ujao, na wale mlioandika kuhusu mashine za gemu za Sega mnivumilie kidogo.

SWALI: Tulikuwa tunatoa vitu kwa nyumba ya wazazi huku Langa Langa, Nakuru, tukapata TV gemu yetu ya utotoni ndani ya katoni juu ya dari. Iko na kaseti mbili za manjano na pedi mbili, moja waya yake imeng'atwa na panya. Bwanangu anasema hiyo ni feki ya Mchina, haina thamani yoyote, na nimeitafuta kwa intaneti sioni inayofanana nayo kabisa. Nitupe ama niweke? (Dada wa Langa Langa)

JIBU: Dada, weka. Na hiyo katoni usiiache kwa veranda hata usiku mmoja.

Ni kweli mashine yako ni kopi. Lakini kopi ya nini? Chukua kaseti moja, angalia yale meno ya shaba huko chini uyahesabu. Utapata 30 upande huu na 30 upande ule, jumla 60. Hiyo ndiyo hesabu ya Famicom, mashine ya gemu ambayo kampuni ya Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983, iliyobuniwa na timu ya injinia mmoja anaitwa Masayuki Uemura. Ile waliyopeleka Marekani mwaka wa 1985, ya kijivu na kubwa kama redio, kaseti zake ni pana na ziko na meno 72. Kwa hivyo ya kwako haikupitia Marekani, ni mtoto wa ile ya Japani moja kwa moja, kupitia viwanda vya Taiwani na Uchina vilivyoifinya Famicom nzima mpaka ikakaa ndani ya chipu chache na baadaye chipu moja. Ukifungua kaseti utaona tone jeusi linang'aa kama lami, basi chipu yenyewe iko chini ya hilo tone.

Na si sisi pekee tuliolelewa na kopi. Warusi waliita ya kwao Dendy, Wapolandi wakaita Pegasus, na leo wako na watu wazima wanaozikusanya, wanazipiga picha, wanaandika ni kiwanda gani kilitoa gani. Sisi tuliita TV gemu tu, na hakuna mtu ameandika kitu. Ndiyo maana huioni kwa intaneti. Hiyo haimaanishi haina thamani, inamaanisha hakuna aliyeiweka huko, na kama wewe na mimi tutatupa za kwetu kwa sababu hazina boksi la Nintendo, basi mtoto wa Nakuru wa kesho akitaka kujua wazazi wake walicheza nini ataonyeshwa mashine ya Mmarekani ambayo hakuna mtu hapa kwetu aliyekuwa nayo.

Hebu fikiria tu vile vitu vilivyo ndani ya hizo kaseti zako mbili. Nina hakika moja inasema iko na gemu elfu kadhaa, na ukizipitia ni chache, zingine ni zile zile zinaanzia levo tofauti. Lakini zile chache! Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa kilobaiti 40, nzima, na muziki wake, na mashimo yote na mawingu (yale mawingu na vichaka ni picha moja imepakwa rangi mbili, nenda uangalie tena). Picha moja unayopiga na simu leo inazidi hiyo mara nyingi sana. Battle City, ile sisi wote tuliita Tanki, ni ya 1985 pia. Na Contra. Mnakumbuka ile ya kupata maisha 30? Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Hiyo kodi (code) ya siri iliwekwa kwanza na Kazuhisa Hashimoto mwaka wa 1986 kwa gemu ingine inaitwa Gradius juu alikuwa anaona ni ngumu sana kuijaribu, kisha ikaingia Contra, na ikafika mpaka kwa estate zetu bila simu bila intaneti, kwa mdomo, mtoto wa ploti akimwambia wa ploti ingine. Hashimoto alifariki Februari 2020. Mi nikisikia watu wanasema hizi mashine hazina historia hapa kwetu naumia kabisa, juu hiyo ndiyo historia yenyewe.

Sasa kazi. Usiichomeke kwa adapta ya kwanza utakayopata kwa droo. Soma chini ya mashine inataka volti ngapi, na uangalie ule mchoro wa kiduara na alama za kujumlisha na kutoa, unaoonyesha katikati ya pini ni chanya ama ni hasi, alafu adapta ifanane nao. Na iwe DC, kuna adapta za zamani zinatoa AC na hizo zitaiua siku hiyo hiyo. Pedi iliyong'atwa si ya kulilia, ndani ya huo waya kuna nyaya 5 nyembamba tu, fundi yeyote wa redio anaunganisha rangi kwa rangi na kulehemu kwa dakika kumi. Na kabla hujamaliza, chukua karatasi uandike mlinunua mwaka gani, duka la mtaa gani, nani alikuwa anacheza na nani. Uiweke ndani ya katoni. Bwanako akiona hiyo karatasi baada ya miaka kumi hataongea tena mambo ya feki.

SWALI: Kaka, nimeona PS1 kwa jamaa anauza vitu mzee soko la Kibuye Jumapili, anataka 2,500, haina waya, haina pedi, anasema inafanya. Nitajuaje hanidanganyi? (Kijana wa Kondele, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuongea bei pindua hiyo mashine usome stika ya chini. Kuna namba inaanza na SCPH. Kwa PS ya kwanza angalia tarakimu ya mwisho: 0 ni ya Japani, 1 ni ya Marekani, 2 ni ya Ulaya. Hii si ya kujionyesha kwa marafiki, ni mambo ya stima. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukuta wa Kisumu unatoa 240. Ukichomeka ya Marekani moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu na hadithi imeisha hapo. Kama ni hizo utahitaji transfoma ya kushusha, na hiyo pesa iongeze kwa hesabu yako sasa, usiingoje ikushtue ukiwa umefika nyumbani. Ile inaishia na 2 inachomeka bila shida.

Waya usiogope, ile PS kubwa ya kijivu inatumia waya ule ule wa redio kaseti, wenye mdomo kama namba nane. Beba wa kwako kutoka nyumbani. Na ubebe CD ya muziki, ile ya kawaida ya dukani, juu PS1 inacheza CD za muziki na karibu kila soko kuna mtu ako na TV imewashwa. Hapo pedi utaazima ama umwambie muuzaji aitafute, anataka kuuza, ataipata. Cheza wimbo wa kwanza, alafu ruka mpaka wa mwisho kabisa. Wa mwisho uko ukingoni mwa CD, sasa lenzi ikifika hadi huko bila kukwaruza na bila kurudia rudia, reli yake iko sawa. Ikikwama katikati, umejua.

Unakumbuka venye tulikuwa tunaigeuza kichwa chini ndio isome? Watu walidhani ni uchawi fulani. Kwa zile za mwanzo lenzi inateleza juu ya reli ya plastiki, na imekaa karibu na pawa saplai inayotoa joto, kwa hivyo plastiki inalika, lenzi inainama, na ukiigeuza inarudi karibu na pembe yake ya sawa. Matoleo ya baadaye walihamisha lenzi mbali na joto. Muuzaji akikuambia "hii igeuze tu itashika," anakuambia ukweli bila kujua, lenzi imechoka.

Fungua pia kifuniko uone kama ndani ni safi. Kama ilikuwa ya kibanda cha kuchezesha gemu kwa malipo labda ina chipu iliyolehemiwa ya kusoma CD za kuchoma, na mi hiyo siihesabu kama kasoro, ndivyo PS zilivyoishi huku. Ikiwaka mbele yako, lipa. Isipowaka, lipa bei ya spea, na useme hivyo kwa heshima, wazee wa Kibuye wanaelewa.

SWALI: Mimi ni mwalimu huku Bungoma. Je, brick game (ile gemu ndogo ya betri ya kushika mkononi) inahesabika kwa ukusanyaji, ama ni mpaka mashine ya kuchomeka kwa TV? (Mwalimu)

JIBU: Inahesabika sana Mwalimu! Gemu yenyewe ni Tetris, iliyoundwa Moscow mwaka wa 1984 na Alexey Pajitnov kwenye kompyuta ya Elektronika 60 ambayo haikuweza hata kuchora picha, mraba wake aliuandika kwa alama za mabano. Ile skrini ya brick game ina nafasi 10 kwa upana na 20 kwa urefu, sawasawa na Tetris ya watu wakubwa. Toa betri leo leo, hiyo ndiyo inaziua, betri inavuja inakula zile chuma. Kama tayari kuna unga mweupe, kijiti cha pamba na siki kidogo, alafu ukaushe kabisa.

SWALI: Nilichomeka TV gemu yangu kwa TV mpya ya kuning'inia ukutani, picha inakuja lakini Mario anaruka kama amechelewa, na ile bunduki ya kupiga bata haipigi kitu hata nikiigusisha kwa kioo. Kuna PS nyingine nilitumiwa kutoka ng'ambo ambayo kwa TV ya zamani ya mama inaonyesha picha nyeupe na nyeusi tu. Shida ni mimi? (Msomaji wa Lurambi, Kakamega)

JIBU: Si wewe. Ni mambo matatu tofauti, acha nianze na bunduki juu ndiyo naipenda.

Watu hudhani bunduki inatoa kitu kinachoenda kwa TV. Ni kinyume, bunduki ndiyo jicho. Ukivuta kifyatulio gemu inafanya skrini yote nyeusi kwa nukta ndogo sana, alafu inachora mraba mweupe pale bata alipo, na jicho likiona mwanga wakati huo, umepata. TV ya kichogo inachora picha mstari kwa mstari papo hapo signali inapofika. TV mpya inapokea picha kwanza, inaikuza, inaipanga, ndiyo inakuonyesha, na hapo jicho limeshangoja likachoka. Hata uikaze kwa kioo haitasaidia. Kule kuchelewa kwa Mario ni ugonjwa huo huo, ila kwa hiyo unaweza kupunguza: ingia kwa seti za TV utafute hali ya gemu uiwashe.

Picha kukosa rangi ni lugha. Kenya tulitumia mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, Marekani na Japani wakatumia NTSC, picha 60. TV ya mama inaelewa mistari lakini rangi za NTSC haizisomi, kwa hivyo inakupa nyeusi na nyeupe. Hiyo PS ya ng'ambo ipeleke kwa ile TV mpya, hizo nyingi zinasoma mifumo yote. Na kama TV mpya haina yale matundu matatu, ya manjano kwa picha na nyeupe na nyekundu kwa sauti, angalia tundu moja dogo limeandikwa AV, kuna kiwaya chake.

Naomba TV ya mama isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Tulipohamia dijitali mwaka wa 2015 watu wengi walidhani zimekufa, wakazitoa kwa bei ya maji ama bure, na kumbe bado zilikuwa zinafanya na dekoda tu. Kwa sisi tunaocheza za zamani hakuna kitu kizuri kama hiyo. Ila usiifungue nyuma kamwe, hata ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, ndani ya kioo kunabaki chaji ya volti maelfu na inaua. Na Kakamega na radi zenu nazijua, mvua ikianza kunguruma mchana chomoa plagi na waya wa antena, usingoje.

SWALI: Ni kweli kupuliza kaseti kunasaidia? Na vumbi ya huku tunafanyaje? (Msomaji wa Free Area, Nakuru)

JIBU: Hapana, na sisi sote tumefanya makosa hayo. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, meno yakashika pahali pengine. Pumzi ina unyevu, unyevu unaleta kutu kwa shaba, na mate ndio mabaya zaidi. Nenda kwa fundi wa simu umwombe ile alkoholi anayosafishia bodi, isopropili ya asilimia 90 na zaidi, uchovye kijiti cha pamba, usugue meno taratibu, uache kukauke. Kijiti kitatoka cheusi, rudia mpaka kitoke kisafi. Vumbi ya Nakuru ni jembamba sana, linaingia kila mahali, kwa hivyo kila kaseti kwa mfuko wake na mashine ifunikwe kwa kitambaa ikishapoa. Wenzetu wa Kisumu shida yao ni unyevu wa ziwa, nyinyi wekeni vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, msivitupe tena. CD za kuchoma zile zimeandikwa na maka peni zikae gizani, jua linafifisha rangi iliyobeba gemu yenyewe.

(Ndugu wa Eldoret uliyeuliza kama utumie pesa ya karo kununua gemu zilizofungwa kwa plastiki ndio uuze baadaye upate faida: hapana. Najua ulisoma kwamba Super Mario 64 moja iliuzwa kwa mnada Marekani Julai 2021 kwa dola milioni 1.56. Hiyo moja ilikuwa haijafunguliwa tangu kiwandani, na mnunuzi wake haji Eldoret. Karo usiiguse.)

SWALI: Kaka, marehemu ndugu yangu aliacha PS2 na memori kadi yake. Ndani kuna Master League yake ya PES 6 (ile ligi ya gemu ya mpira unayojenga timu yako), amecheza misimu mingi. Mama hataki mtu aiguse na mimi pia naogopa, lakini naogopa zaidi isije ikaharibika tu ikiwa imekaa. Nifanye nini? (Msomaji wa Nyalenda, Kisumu)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, wewe na Mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Hofu yako ni ya haki. Hiyo kadi ni megabaiti 8, na inachohifadhi ni chaji ndogo ndogo ndani ya chipu, na chaji hiyo huvuja polepole kwa miaka mingi hata kama hakuna mtu ameigusa. Kuiacha kwa kabati si kuilinda. Inabidi ikopiwe, na ni kazi rahisi, cha muhimu ni utulivu.

Tafuta memori kadi ya pili, iwe ya Sony ya megabaiti 8, zile zimeandikwa 64 ama 128 za bei rahisi hupoteza vitu. Ijaribu kwanza kwa PS2 nyingine, ucheze kitu, uhifadhi, uzime, uwashe, uone kama kipo. Ukiridhika, washa PS2 ya ndugu yako bila CD yoyote ndani. Itakuja skrini yenye chaguo mbili, ingia kwa Browser. Kadi yake iwe tundu la kwanza, mpya tundu la pili. Fungua kadi yake, utaona vitu vyake vinazunguka kama vikaragosi, chagua ile ya PES, na hapo utaulizwa Copy ama Delete. Ziko karibu karibu. Muite mtu akae kando yako asome kwa sauti kabla hujabonyeza, usione haya. Fanya asubuhi siku isiyo na mvua, stima ikipotea katikati ya kukopi inaweza kuharibu. Kuna gemu zinazokataa kukopiwa kwa njia hiyo, ikikataa usilazimishe na usifute chochote ili kutafuta nafasi, niandikie tena tutumie njia ya kuhamisha kwa flashi.

Ikishakubali toa kadi yake, ifunge kwa karatasi, mpe Mama mkononi. Utakayofungua ni ile mpya tu.

Kisha siku mkiwa tayari, ingia kwa timu yake bila kucheza mechi. Uandike kwa daftari wale kumi na mmoja aliowapanga, mfumo aliotumia, msimu aliofika, saa ngapi amecheza kama inaonyesha. Majina ya wachezaji aliowanunua pia. Mama akitaka kukaa hapo akiangalia, mwambie kila jina ni la nani na kwa nini ndugu yako alimchagua, yale unayoyajua.